Aliyesikia Nusu ya Simu

Jengo lilikuwa na ghorofa nne, milango minane, na mahali pamoja tu pa kupigia simu. Mahali penyewe palikuwa kwenye kona ya ngazi, ghorofa ya pili, mbele ya kidirisha kisichozidi upana wa sinia. Ndani ya nyumba zao wapangaji walizunguka wameinua simu juu ya vichwa kama watu wanaovuka mto na nguo zao mkononi, wasipate kitu. Kuta zilikuwa nene, na jengo refu la jirani lilikuwa limesimama kati yao na mnara wa simu, kama yule mtu mwenye kofia kubwa anayekaa mbele yako mkutanini. Lakini pale kidirishani, ukisogea mpaka pua iguse chuma, mtandao ulikuja. Rudi nyuma hatua moja tu, umekwenda zake.

Basi kila mwenye neno lake alilileta pale. Posa zilijibiwa pale, ndugu walisuluhishwa pale, na mabosi walidanganywa pale kwa kikohozi cha kutunga. Na kwa kuwa kidirisha kilitazamana na mlango wa Mzee Redio, siri ya mtu iliishi tangu "haloo" mpaka "nani mwenzangu?", ikafa.

Mzee Redio alikuwa fundi redio mstaafu. Mkewe alikwisha kutangulia mbele za haki, watoto wamehama na maisha yao. Mlango wake ulikaa wazi upana wa kiganja, mchana kutwa. "Hewa ipite," alisema. Hewa ilipita, na maneno yakapita nayo. Tena hakuwa mtu wa kusikia akameza. Uko katikati ya mazungumzo yako, unashtukia sauti inatoka kwenye ufa wa mlango: "Usikubali! Huyo fundi rangi ni tapeli, mwezi uliopita alisema hayo hayo!"

Bi Tega alikaa ghorofa ya nne, na magoti yake yalizijua ngazi zote kwa idadi. Jina hilo alipewa na watoto wa jengo, maana hakuna aliyepishana naye asitegewe kitendawili. Aliwatega wauza mboga, aliwatega wabeba maji, alimtega hata daktari aliyekuwa akimpima presha. "Kitendawili!" na daktari, na kile kifaa chake masikioni, hana budi kuitika, "Tega, mama."

Tabia hiyo hakuianza peke yake. Walikuwa wawili, yeye na mdogo wake, wamelelewa kitanda kimoja, wakilala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni pa mwenzake, na kutegeana mpaka mmoja asinzie. Sasa mdogo mtu aliishi mji mwingine, mwendo wa siku mbili, kwa binti yake. Kila Jumapili Bi Tega alishuka ngazi, akabandika pua kwenye chuma, wakaendelea pale walipoachia utotoni. Mpaka masikio ya mdogo mtu yalipoanza kufunga duka. Lilitangulia la kushoto, la kulia likafuata.

"Kitendawili!" angesema Bi Tega.

"Hatujambo, dada. Mvua tu huku."

"Nimesema kitendawili!"

"Wote wazima, wanakusalimu."

"Hunisikii? NIMESEMA..." Hapo tena ngazi nzima inatetemeka, na mdogo mtu kule anaagana kwa adabu na kukata simu, akidhani mazungumzo yamekwisha salama.

Siku moja mpwa wake alimwandikia: "Mama mkubwa, mama amejifunza kusoma midomo. Sokoni anaongea na watu wala hawajui kama hasikii. Akikuona uso, mtaongea kama zamani. Tafuteni intaneti ya maana." Bi Tega alijaribu simu ya picha pale kidirishani. Uso wa mdogo wake ulikuja vipande vipande kama ukuta wa matofali, ukaganda na mdomo wazi, haukutikisika tena. Kwa msoma midomo, picha iliyoganda ni kitabu kilichofungwa kwa gundi. Miezi saba ikapita hivyo. Miezi saba, watu wawili waliotegeana miaka sitini, hata kitendawili kimoja hakijavuka.

Ndipo Jumatatu moja akaja fundi wa waya, mwanamama mrefu, mkanda wa vifaa kiunoni, karatasi mkononi. Akawakusanya wapangaji mlangoni.

"Waya mmoja unaleta vyote," alisema. "Televisheni, intaneti, na simu ya mezani kwa anayeitaka. Chenga kwenye televisheni, mtazisahau. Lakini nataka sahihi nane, milango yote. Waya unapanda ndani ya bomba la zamani, na bomba lenyewe linaanzia jikoni kwa huyu wa ghorofa ya pili. Akikataa yeye, nyote mmekataa."

"Mpaka lini?" aliuliza Bi Tega.

"Jumamosi, saa sita mchana. Baada ya hapo nahamia mtaa mwingine. Kurudi, labda mwakani, labda mwaka wa baadaye."

Sahihi saba zilipatikana kabla wino haujakauka. Mama Pacha, fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, alisaini mara mbili kwa furaha, ikabidi moja ifutwe. Mzee Redio hakusaini.

Jumanne Bi Tega alimshukia kwa upole wote aliokuwa nao.

"Hapiti mtu na drili jikoni mwangu," alisema Mzee Redio.

"Tundu dogo tu, Mzee. La kidole."

"Leo tundu, kesho sisimizi, keshokutwa panya. Na redio zangu zitapata kikohozi." Kisha akamtazama kwa jicho kavu. "Na wewe hasa, Bi Tega, sijui unaitakia nini hiyo intaneti. Kelele za hapo kidirishani hazikutoshi?"

Bi Tega hakuelewa jicho lile limetoka wapi, lakini macho yake mwenyewe hayakukaa bure. Juu ya meza ya kazi aliona redio saba, na zote saba zimezimwa. Kiti cha fundi kilikuwa kimeipa meza mgongo, kimeuelekea mlango. Juu yake palikuwa na mto uliochongeka umbo la mkaaji. Chini yake, chupa ya chai na kikombe.

Akaaga. Alipofika ghorofa ya tatu alikuwa akicheka peke yake, akagonga kwa Mama Pacha, wakaenda pamoja kugonga kwa Nesi, anayepakana na Bi Tega kule juu.

"Kitendawili!" alisema hata kabla hajakaa.

"Tega, bibi."

"Nina redio saba, lakini naipenda ile isiyo na betri."

Nesi alishindwa, Mama Pacha akashindwa, wakampa mji.

"Kona ya ngazi!" alisema Bi Tega. "Wanangu, yule hana habari na sisimizi wala panya. Sisi ndio redio yake. Waya ukiingia, kila mtu atazungumzia sebuleni kwake, na yeye atabaki na ukuta."

"Masikini," alisema Mama Pacha.

"Masikini, ndiyo, lakini Jumamosi haimsubiri masikini. Sasa nisikilizeni. Redio ikikoroma kila inapofika penye utamu, mwenyewe anafanyaje? Anaichoka, anatafuta nyingine. Basi na sisi tukorome."

Wakala njama pale pale, juu ya ndoo ya nguo za Nesi.

Jumatano asubuhi Nesi alitangulia. Alisimama kidirishani, simu sikioni, na simu yenyewe imezimwa. "Shoga, nikwambie! Jana kaja mgonjwa amekumbatia sanduku. Hataki kuliachia hata mlangoni pa chumba cha upasuaji. Daktari mkuu akasema, lifunguliwe. Likafunguliwa. Wee! Ndani yake... Ngoja, naitwa, nitakumalizia." Akashuka ngazi mbio.

Ule ufa wa mlango ukapanuka. "Ndani yake mna nini? Nesi! Nesi we!"

Saa nne akaja Mama Pacha, sindano zimejaa kifuani. "Basi bwana harusi akaulizwa mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu akageuka, akamnyooshea kidole mtu wa safu ya nyuma, akasema... Mungu wangu, chungu changu kinaungua!"

"Nani safu ya nyuma?" ilipiga kelele sauti ya mlangoni. "Acha kiungue! Nani safu ya nyuma?"

"Nitamalizia baadaye, baba!"

Jioni Bi Tega mwenyewe alishuka, akatega kitendawili kwa simu iliyozimwa, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Jibu zuri hilo, mdogo wangu, sijapata kulisikia," akapanda zake. Jibu hakulitamka. Aliposikia nyuma yake kikombe kimegongwa chini kwa hasira, alijipongeza.

Lakini fitina ni kama hamira, hujui itaumua hadi wapi. Alhamisi asubuhi Mama Pacha alimvuta Nesi pembeni: "Baina yangu na wewe tu, kwani lilikuwa na nini lile sanduku?" Nesi, asiyekuwa amefika huko katika kutunga kwake, akajibu, "Siri ya kazi," na hapo akazidi kumchoma. Yeye mwenyewe kazini alimkuta mgonjwa wake anamsubiri. Kumbe alikwisha kumhadithia ya bwana harusi, naye anataka kujua safu ya nyuma alikaa nani. Dereva wa lori wa ghorofa ya kwanza, aliyetakiwa kuondoka alfajiri, alisema gurudumu linampa wasiwasi, akabaki.

Alhamisi jioni Bi Tega akishuka, hakupata pa kupita. Kona ya ngazi ilikuwa imejaa watu kama sherehe. Mzee Redio alikuwa ametoa viti nje, vyote vinne, amemimina chai, anagawa. Uso umemnawiri, amepungua miaka kumi.

"Karibu, Bi Tega! Mpisheni mama. Tumekisia sanduku lina nyoka. Dereva anasema meno ya bandia."

"Na waya, Mzee?"

"Waya wa nini tena? Tukiwa na waya kila mtu atajifungia ndani, sanduku tusilijue mpaka tunakufa!"

"Hata mimi," alisema dereva wa lori, akipuliza chai, "naifikiria sahihi yangu upya. Televisheni gani itanipa mambo haya?"

Bi Tega alipanda ngazi zote bila kumtega mtu. Ukimnyima paka samaki, alijiambia, hahami jikoni; ndiyo kwanza analala hapo. Alitaka kuikoromesha redio, kumbe ameiongezea sauti. Na kesho kutwa saa sita fundi anaondoka na waya wake, na kule mdogo mtu atasema tena wote wazima, na mvua inanyesha. Usingizi ulimpitia mbali.

Ijumaa mchana, kona ikiwa tupu, alishuka bila simu. Aligonga mlango uliokwisha kuwa wazi, akaingia, akakaa.

"Leo sina simu," alisema. "Nimekuja na langu mwenyewe. Mdogo wangu hasikii, Mzee. Masikio yamekufa yote mawili. Anasoma midomo, na mdomo wangu haumfikii. Ndiyo maana nautaka huo waya. Sina lingine."

Mzee Redio aliweka bisibisi chini. "Mdogo wako yupi?"

"Ninaye mmoja. Wa Jumapili."

"Yule unayemgombeza?"

"Nani anamgombeza?"

"Wewe! Kila Jumapili unamfokea. 'Hunisikii? Nimesema hivi, nimesema vile!' Mimi nakaa hapa roho inaniuma. Nikasema, tazama mama huyu, sisi anatutega kwa upole, kumbe ndugu yake wa tumbo moja anamtafuna. Miezi saba sijakukaribisha chai, hukuona? Ndipo ukaja na habari za intaneti. Nikasema, haiwezekani, sasa atamfokea na sura juu!"

Bi Tega alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Hukusikia majibu yake? Yale ya mvua?"

"Ningeyasikiaje? Mimi nasikia upande wa huku tu."

Wakatazamana. Polepole kitu kikaanza kumwingia Mzee Redio, kama maji yanavyoingia kiatuni.

"Kwa hiyo yule fundi rangi wa Mama Pacha..."

"Shemeji yake. Mtu mwema kabisa."

"Na mimi nikamshauri asimfungulie mlango!"

"Hakumfungulia. Alilala kituo cha basi."

Mzee Redio alijishika kichwa. Alihesabu kimoyomoyo mashauri yote aliyopata kuyatupa kupitia ule ufa, na Bi Tega aliona masharubu yakitikisika kwa hesabu, akamwonea huruma. Na huruma hiyo ndiyo iliyomponza, maana ilimfungua kinywa. "Kwa kuwa tunatubu," alisema, "na mimi nina langu. Sanduku halipo. Bwana harusi hayupo. Tulitunga, tukukere, uichoke kona, usaini."

Mikono ikamshuka Mzee Redio kutoka kichwani.

"Halipo," alisema Mzee Redio.

"Halipo."

"Usiku mzima mimi nafungua sanduku lisilokuwapo! Mnanidanganya mlangoni kwangu, na viti nawatolea! Na chai!" Alisimama, akazunguka meza, akarudi. "Mkuu wa njama nani?"

"Mimi."

"Nilijua. Nesi hana akili hizo." Alizunguka tena. Safari hii aliporudi alikuwa akiuma masharubu ili asicheke. "Lakini lilikuwa tamu, Bi Tega. Haki ya nani, lilikuwa tamu. Lete hiyo karatasi."

"Utasaini?"

"Kwa sharti. Simu ya kwanza ya picha utaipigia hapa, jikoni kwangu, kabla hujapeleka waya wako huko juu. Nataka kusikia upande wa pili. Miezi saba nimekuwa wakili wa mtu nisiyemjua, na nimemnyima waya wake kwa mkono huu. Nitamwomba radhi mwenyewe."

Jumamosi, fundi wa waya alipata sahihi zake nane saa tano na robo. Dereva wa lori, alipoambiwa hakuna sanduku, alinuna, akauliza mara mbili kama wana hakika, kisha akaenda kulipasha moto lori lake. Mzee Redio alizifunika redio zake saba kwa shuka kama watoto wenye homa, akasimama nyuma ya fundi akimwelekeza namna ya kushika drili. Vumbi likapanda, likashuka. Kisanduku kidogo cheusi kikawashwa ukutani, taa zake za kijani zikapepesa. Simu ya Bi Tega ikaegemezwa kwenye birika. Mlangoni, wale wengine walikuwa wamesongamana, Nesi na Mama Pacha mbele.

Ilipoita, uso ukaja mzima. Kilemba, mikunjo, pengo la jino la mbele, vyote mahali pake, na vyote vinatikisika.

"Dada!"

Bi Tega alivuta pumzi, mabega yakapanda, tayari kupasua kuta. Binti wa kule akaingiza mkono kwenye picha, akiupungia haraka. "Usipige kelele, mama mkubwa! Ukipiga kelele mdomo unapinda, hakusomi. Sema polepole tu, hata bila sauti."

Basi Bi Tega akaishusha sauti, akaishusha, mpaka ikaisha kabisa. Ikabaki midomo. "Kitendawili," ilisema midomo.

"Tega!" alijibu mdogo mtu, papo kwa papo, kwa sauti ya kuamsha jengo.

Bi Tega aliona vitu viwili viwili, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akatega kimya kimya: namfunga mdomo, ndipo anasema.

"Mbona hakuna sauti?" alisema Mzee Redio, akisogea. "Imekufa?" Alinyoosha mkono kukigonga kisanduku ubavuni, kama alivyozigonga redio miaka arobaini. Fundi wa waya akamdaka kiganja hewani.

"Si bakuli la kufunikwa," alisema mdogo mtu. "Bakuli halisemi. Ngoja. Usiniambie. Ngoma! Ukiifunga mdomo kwa ngozi, ndipo inasema!"

Jibu la Bi Tega lilikuwa bahasha ya barua. Alilipima na lile la ngoma, akaona la ngoma lina mlio zaidi. Bila sauti akasema, umenishinda, na mdogo mtu akapiga makofi kule.

"Ngoma ya nani?" alisema Mzee Redio. "Kitendawili chenyewe kilisemaje? Bi Tega, toa sauti, na sisi ni watu! Nasikia wa kule tu!"

Mlangoni Mama Pacha alijiziba mdomo na kanga, mabega yakimcheza.

"Dada, nani huyo nyuma yako anayepunga mikono?"

Bi Tega akamvuta Mzee Redio kwa mkono wa shati mpaka mbele ya birika. Mzee akakohoa, akaweka mkono kifuani. Maneno alikuwa ameyapanga usiku, na yalikuwa mazuri: habari za wakili asiyeitwa, za mlango wenye ufa, za chai aliyomnyima mtu asiye na kosa. Alisema polepole, kama alivyosikia inavyotakiwa. Kule, mdogo mtu alikunja uso, akasogea mpaka kioo kikajaa pua.

"Anasema nini huyu baba? Mimi naona nywele tu zinatikisika. Masharubu yamefunika mdomo wote."

Kweli, masharubu ya Mzee Redio yalikuwa mazito kama brashi ya viatu, naye aliyatunza tangu ujana. Aliyashika. Alimgeukia Bi Tega. "Mwambie wewe, basi. Mwambie naomba radhi."

Bi Tega akasogeza midomo, kwa muda mrefu kuliko radhi inavyohitaji. Mdogo mtu akacheka hadi kilemba kikalegea.

"Umemwambia nini?"

"Uliyoyasema."

"Mbona anacheka?"

"Wewe uliyasema kwa ufundi."

"Sipokei radhi ya kutumwa!" ilisema sauti ya kule. "Kanyoe, baba, uje uniambie mwenyewe. Mimi sikati. Nasubiri."

Mzee Redio aliwatazama watu wa mlangoni, mmoja mmoja, asipate hata wakili wa kumtetea. Fundi wa waya alijifanya anakunja waya. Nesi akasema mkasi anao, akaulete?

"Ninao wangu," alijibu, na akatoka kuelekea bafuni, kichwa juu, mkono ukiwa bado umeyaficha masharubu.

Bi Tega alikalia kiti chenye mto, akakisogeza karibu na birika. Maji yalianza kumwagika kwenye beseni kule ndani.

"Msianze bila mimi!" ilikuja sauti ya bafuni.

Walikuwa wameshafika kitendawili cha tatu.